Paipu za mpira kwa injini ya ndege: twende na kalenda ama na macho?

Juzi niko uwanjani hapa Malindi, nimemsindikiza rafiki yangu mwenye kandege ka viti vinne, injini moja, fundi akamwambia paipu zote za mpira kwa injini zitoke, za petroli na za oili, manake kile kibati cha tarehe chasema zishapita miaka 9. Jamaa akawaka. "Fundi, ndege hii haifikishi hata saa 40 kwa mwaka, paipu kavu, hazivuji, si useme tu wataka pesa!" Fundi akanyamaza, akaendelea kufuta spana yake. Mie naona fundi yule anaonewa, ila mwenye ndege naye hasemi upuzi.

Kuna ripoti ya 1978 ya Nowlan na Heap, watu wa United Airlines, shirika la ndege la Marekani, ilionyesha asilimia 89 ya vifaa walivyovichunguza hakuna faida kuviwekea umri wa kubadilishwa. Na kabla ya hapo, wakati wa vita vya pili, mwanasayansi Conrad Waddington alikua na RAF Coastal Command, kikosi cha jeshi la anga la Uingereza cha kulinda bahari, akaona ndege zaharibika zaidi pale tu zinapotoka kwa ukaguzi, yaani mkono wa fundi wenyewe ndio unaleta balaa. Hilo kweli kabisa, nati ikisahaulika kukazwa ama kipande cha mpira kikibaki ndani ya paipu baada ya kukatwa, paipu mpya yaweza kukuua kabla ya ile kuukuu. Tena Marekani mwenye ndege ya binafsi kwa kawaida halazimiki kufuata miaka anayopendekeza mtengenezaji mpaka FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, watoe agizo lao.

Sawa. Lakini hiyo 89 jamani nimechoka nayo, kila mtu anaitaja na hakuna anayeuliza 11 iliyobaki ni vitu gani. Ni vile vinavyochakaa kweli kweli, mfano wao mmoja ni taili. Sasa niambie wewe, mpira wa paipu unaokaa kando ya ekzosi utauweka fungu gani, la redio isiyochakaa kwa umri? Na kingine, umri waliokua wakihesabu ni wa saa za kazi, tena kwa ndege za abiria zinazoruka kutwa kucha. Mpira hauhesabu saa. Wauliwa na joto, na hewa, na oili, na miaka, iwe ndege yaruka ama imelala, kwa hiyo ukimwambia fundi "saa 40 tu kwa mwaka" hujamjibu, umempa sababu nyengine ya kuogopa.

Watu wa pwani hili hatukupaswa kufundishwa. Jahazi likipandishwa likaachwa juani mbao zakauka, pamba ya kalafati yalegea, siku ya kulishusha majini laingiza maji kila upande, na halikua limeenda popote. Nahodha hasemi "chombo hiki hakijatumika". Ndege nayo yakaa pale uwanjani, jua juu, chumvi ya bahari kaskazi na kusi, zile nyuzi za chuma zilizosukwa kwa paipu zaota kutu, na ukizima injini joto lapanda ndani ya boneti manake upepo wa kupoza umekatika.

"Basi tuangalie kwa macho, ikiwa mbovu tutoe." Haya, utaona nini? Nyingi zimevishwa soksi ya kuzuia moto, ile ya rangi ya machungwa, nje yang'aa kumbe ndani ngozi ya mpira ishaanza kubanduka, na ikibanduka yaweza kuziba njia kama kifuniko, petroli isipite, na nje hakuna tone hata moja. Ukitaka kuipima kwa kuikunja ndio mbaya zaidi, paipu iliyokauka hua ishashika umbo lake, ukiilazimisha yapasuka ndani halafu wewe mwenyewe wairudisha na kusema iko poa. Yaani ukaguzi waweza kuivunja na usijue.

Ndio maana Cessna, watengenezaji wa ndege ndogo, kwa vitabu vyao waliweka miaka 5 kwa mpira ama injini ikifunguliwa yote, kinachotangulia, na 10 kwa teflon, ile ya plastiki ngumu. Rotax nao kwa injini yao ya 912, miaka 5. Na FAA kwa agizo namba 95-26-13, la paipu za kupoza oili kwa baadhi ya ndege ndogo za Piper, wakasema miaka 8 ama saa 1,000. Waweza kubishana kama 5 ni kali sana, hata mie naiona kali kidogo, lakini hakuna kati yao aliyesema "mpaka ivuje".

Na ikivuja, itavujia wapi? Jamaa yangu hupenda kwenda Lamu, ashuke uwanja wa Manda, kisiwa jirani, ale samaki arudi. Njiani chini ni ghuba ya Ungwana, kisha delta ya Tana, mikoko na viboko. Paipu ya oili ikipasuka pale ni dakika chache injini ishakwama. Ya petroli ikimwagia ekzosi, usiniulize.

Hofu ya Waddington nayo ina dawa yake, si lazima iwe sababu ya kuacha. Paipu zipimwe kwa presha kabla hazijafungwa, zisipuliziwe nje tu bali ndani zisafishwe, mtu wa pili apitie kila nati, injini iwashwe chini mpaka ipate moto kisha boneti ifunguliwe tena itazamwe, na safari ya kwanza azunguke hapa hapa juu ya uwanja. Sio akabidhiwe ndege saa nne, saa tano yuko juu ya Kipini.

Jamaa mwishowe alikubali nusu, za petroli zitoke sasa, za oili mwezi ujao akipata pesa. Fundi akamuuliza, "Na safari ya Lamu Ijumaa?" Hajajibu mpaka sa hii.