Asubuhi Msimuulize Aliona Nini

Mara ya kwanza nilidhani mwanangu kaumwa na nge. Ilikuwa saa tano na robo usiku, umeme umekatika, lakini mbalamwezi imewaka kiasi cha kuniwezesha kuosha vyombo uani bila taa. Baba yake yuko barazani na wenzake, wanacheka. Ghafla Babuu akapiga yowe. Tunamwita Babuu kwa kuwa kabeba jina la babu yake, umri wake ni miaka miwili na nusu tu.

Nilimkuta kakaa ndani ya chandarua, macho kayatoa, jasho linamchuruzika, moyo unamwenda mbio hadi nauona unavyogonga kwenye mbavu. Nikamnyanyua, akanisukuma kwa mikono yote miwili. "Toka! Toka! Mamaaa!" Anamwita mama, na huyo mama ndiye anayefukuzwa. Nilimtikisa, nikamwita jina, nikamulika simu usoni, na kila nilichofanya kilizidisha. Baada ya kama dakika kumi akanyamaza mwenyewe, akageukia ukutani, akakoroma. Asubuhi aliamka anadai chapati.

Waliokesha ni sisi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Ujiji kutusalimia, alimpakata baada ya chai akaanza. "Babuu, mume wangu, jana uliona nini?" Mtoto akamtazama tu. "Uliona mtu?" Kimya. "Alivaa kanzu?" Babuu akatikisa kichwa kukubali, maana mtoto wa umri huo ukimuuliza kama alimeza treni atakubali. "Alisimama mlangoni?" Ndiyo, mlangoni. Kabla ya adhuhuri nusu ya mtaa wetu hapa Mwanga, Kigoma, ilishajua kwamba mwanangu kaona mtu wa kanzu mlangoni. Jioni Babuu akagoma kupita mlango ule peke yake, na hakuupita peke yake kwa karibu mwezi mzima.

Ugomvi wangu uko hapo. Sina neno na dua. Usiku ule mama mkwe alimsomea Ayatul Kursiyyu huku kamwekea mkono kichwani, na sauti yake ilinituliza mimi niliyekuwa natetemeka kuliko mtoto. Maneno yangu ni kwa mahojiano ya asubuhi. Usiku mtoto alikuwa hana hofu ya kitu chochote anachokijua, hofu hiyo tulimtengenezea sisi saa mbili asubuhi, kwa maswali, huku tukimpa chapati.

Kiswahili chenyewe kimeshatenganisha mambo haya, ila tunayachanganya. Kuna kuweweseka na kuna jinamizi, yaani ndoto mbaya. Anayeweweseka bado amelala, hata kama macho yako wazi na mdomo unasema. Kwa watoto wadogo hutokea saa moja hadi tatu baada ya kulala, pale usingizi unapokuwa mzito kuliko wakati wote wa usiku. Sehemu ya ubongo inataka kuamka, nyingine inakataa, na mwili unabaki katikati unapiga kelele. Kwa kawaida hakuna picha inayobaki, ndiyo maana asubuhi hana cha kusimulia. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri. Mwenye ndoto mbaya huamka kweli, anakutambua, anakung'ang'ania, na kesho anakumbuka.

Hiyo ya pili naijua kwa binti wa dada yangu, ana miaka minne, niliyekaa naye likizo. Saa kumi alfajiri alikuja kitandani kwangu akilia kwamba mumiani amekuja na gunia. Nikauliza taratibu mumiani kamjulia wapi. Kumbe msichana wa kazi alikuwa akimwambia asipomaliza ugali atachukuliwa. Huyo alihitaji kukumbatiwa, kusikilizwa na kuachiwa taa. Na msichana wa kazi alihitaji kuambiwa aache, ingawa sikuweza kumlaumu sana, mimi mwenyewe nililishwa ugali kwa mumiani huyo huyo.

Rudi kwa Babuu. Usiku wa tatu mfululizo nilimpeleka kwa tabibu. Jirani alikuwa keshasema ni degedege na ana mtu wa kumfukiza, na neno hilo huku kwetu halipuuzwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa karibu watoto 23 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano hapo jirani Tabora, wakati wastani wa nchi ni 8. Sisi wa ukanda huu mtoto akipata joto tu, mzazi asingoje kuhojiana na majirani. Degedege la homa mwili hukakamaa au hurukaruka kwa mpigo mmoja, macho hupinda, wakati mwingine povu, na ukimwita hana habari kabisa. Hilo ni la hospitali usiku huo huo, hata kama limekatika, na hakuna moshi wala mganga katikati ya safari. Tabibu alimpima joto, akamtoboa kidole kwa kipimo cha haraka, hakukuta kitu. Akaniuliza kama anakoroma sana au anapumulia mdomo, kwa sababu koo likiziba usiku usingizi hukatikakatika. Hapana. Kisha akauliza swali nililoliona la kipuuzi: "Mama, huyu kwa siku analala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda nyumbani nikachukua kalenda ya duka iliyo ukutani, nikawa natia alama ya kalamu kila usiku aliolia. Mwezi wa pili wa kutia alama, jirani yangu alipoiona alishika kiuno. Alama zote zilikuwa zimerundikana kwenye siku za mwezi mpevu. "Si nilikwambia? Mwezi ukipevuka, majini wenyewe hutembea." Nakiri nywele zilinisimama.

Mpaka nilipokumbuka mume wangu ni mtu wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, na taa hazina kazi mbele ya mbalamwezi. Siku za giza baba anaondoka magharibi, nyumba inatulia, saa mbili Babuu kalala. Mwezi ukipevuka mitumbwi inavutwa ufukweni, baba yuko nyumbani siku kadhaa, na hapo sheria zote zinakufa. Mchana anamchukua Kibirizi kutazama mitumbwi, usingizi wa mchana umeliwa. Usiku wanarushana juu mpaka saa tatu na nusu. Saa kumi na mbili unusu jogoo na ndoo za majirani zimeshamwamsha. Nikajumlisha: saa tisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri wake alale saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Uchovu ukizidi, usingizi wa mwanzo wa usiku unakuwa mzito kupita kiasi, na ni humo mayowe yanakotokea.

Kumwambia mume ilikuwa kazi kuliko kumwambia mganga. Mtu hamwoni mwanawe wiki tatu, siku chache alizonazo unampangia saa? Aliniambia nimuache amchoke mtoto wake. Tuliyamaliza kwa mapatano: Kibirizi waende asubuhi, saa saba mtoto awe kitandani, na kurushana juu kuishe kabla ya isha. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele akitusikiliza, akacheka peke yake. "Unambishia nini mkeo? Wewe ulikuwa hivi hivi. Ukiwa na miaka saba tulikukuta uani saa sita usiku, umesimama chini ya mchikichi, unaongea na mchikichi." Mume wangu alisema hakumbuki. Bila shaka hakumbuki. Kuweweseka na kutembea usingizini ni ndugu, na mara nyingi huenda kwa ukoo.

Akilia sasa simwamshi. Nasogeza kinachoweza kumuumiza, nakaa ukingoni mwa kitanda, nasema maneno mafupi kwa sauti ya chini, simkamati ila akitaka kushuka. Makofi ya uso na maji ya baridi, ambayo nilishauriwa na watu watatu tofauti, hapana. Mayowe yakija usiku mfululizo kwa saa ileile, natumia alichonifundisha tabibu: kengele ya simu robo saa kabla, namwamsha kidogo tu, anakojoa, analala tena, hivyo kwa wiki mbili tatu. Si kila mara inafaa, maana kuna usiku nimemwamsha akakataa kulala tena hadi saa nane, nikajuta. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Juzi mwezi ulikuwa mpevu na baba alivunja mapatano, kulikuwa na mpira kwa jirani. Saa tano yowe likaja, dakika sita nilihesabu. Asubuhi tulikuwa jikoni sote. Mama mkwe alimtazama mjukuu wake akifungua mlango ule, peke yake, kwenda kufukuza kuku. Akafumbua mdomo. Akanitazama. Kisha akamwita: "Babuu, mume wangu, uji nikutilie sukari au karanga?"