Machi, tokeni na dari ya zege

Saa tatu ya usiku, katikati ya Machi, simama juu ya kitanda kwenye fleti ya orofa ya mwisho pale Tudor, Mombasa, uguse dari kwa kiganja. Ina joto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Jua limezama tangu saa kumi na mbili na nusu, lakini zege limelinywa mchana kutwa na sasa ndio linalirudisha, tena linalirudisha ndani. Pangaboi linazunguka, linachota joto lile lile la dari na kukumwagia kifuani.

Hapo ndipo mazungumzo ya AC yanapoanza. Kila kaskazi ikishika, Disemba hadi Machi, barazani huwa na kambi mbili. Ya kwanza, wengi wao vijana wenye mishahara, husema: nunua mashine ulale, maisha yenyewe mafupi. Ya pili, aghalabu wazee, husema: sisi tulilelewa bila AC na hatukufa, fungueni madirisha. Nimewahi kukaa kambi zote mbili. Siku hizi naona zote zinabishana juu ya kitu kidogo na kuliacha kubwa liko juu ya vichwa vyao.

Tuanze na pesa, maana ndiko kwenye kilio. AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ile ya chumba cha kawaida, hula karibu kilowati moja kompresa inapofanya kazi. Kompresa hupumzika chumba kikishapoa, kwa hiyo tukadirie uniti sita za umeme kwa usiku wa saa nane, yaani 180 kwa mwezi. Pangaboi la wati 60 kwa saa hizo hizo halifikishi nusu uniti kwa usiku; kwa mwezi ni uniti 14 na kitu. Tuchukulie, kwa wepesi wa hesabu, kwamba uniti moja pamoja na kodi na tozo zake ni shilingi 30. AC ni shilingi 5,400 na pangaboi halifiki 450.

Lakini pigo lenyewe liko kwenye mpaka wa uniti 100. Tangu Aprili 2023 wateja wa umeme wa nyumbani hapa Kenya wamegawanywa mafungu matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na waliopita 100. Fungu lako hupimwa kwa wastani wa miezi mitatu. Ukishavuka, bei haipandi kwa zile uniti za juu tu. Hupanda kwa zote, za friji na za taa pia. Nyumba inayokula uniti 80 ikiongeza pangaboi inabaki 94, imeponea. Ikiongeza AC inafika 260. Na wastani huo haukuachi siku unapozima mashine. Mvua za masika zimeanza, unalala na shuka, na bado tokeni za shilingi elfu zinakupa uniti chache kuliko za jirani.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaosema AC ni anasa tupu. Kulala madirisha wazi kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya tokeni. Mbu wa malaria huuma usiku. Wa chikungunya, ule ugonjwa uliotukunja viungo mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, huuma mchana. Kwa hiyo hakuna saa salama ya dirisha lisilo na wavu, na wavu wenyewe, jinsi matundu yake yalivyo madogo, hupunguza upepo. Wezi sina haja ya kuwaeleza. Kisha kuna sitara. Fleti za siku hizi zimebanana hata dirisha la jikoni la jirani linatazamana na la chumba chako cha kulala. Mama mwenye nyumba atavua buibui wapi? Atashusha pazia, na pazia likishuka upepo umekwisha. Ongeza kwamba Ramadhani ya 2024 na ya 2025 kwa sehemu kubwa ziliangukia Machi, wakati jua ni kali na mtu hana hata tama la maji mpaka magharibi. Mwenye mtoto mchanga ndani, au mzee mwenye presha, akiwasha AC adhuhuri ya siku kama hizo mimi sina la kumwambia.

Wazee nao wana hoja nzito, ila huisimulia nusu. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, kuta nene unazoweza kukalia dirishani ukanyoosha mguu. Vichochoro vyake ni vyembamba hata jua huyafikia mawe ya chini kwa muda mfupi tu wa mchana. Ukiingia kutoka barabarani saa saba unahisi umeshushiwa mzigo. Ndiyo, ni kweli. Lakini ukuta mnene peke yake si dawa. Unafaa zaidi kule ambako usiku una baridi ya kuutoa ukuta joto la mchana, na Mombasa ya Machi si huko. Mchana ni nyuzi 32 au 33, na usiku hupata shida kushuka chini ya 24. Kilichopoza nyumba zile ni kivuli na upepo wa bahari vikifanya kazi pamoja, na pia mazoea ya watu. Vitanda vya kamba vilitolewa uani. Wenye orofa walilala karibu na dirisha la upande wa bahari. Na zikifika siku za maleleji, kaskazi imekufa na kusi haijaja, hata Mji wa Kale hukaa kama ndani ya pipa. Hilo wasimulizi hulisahau.

Kuna ushauri mwingine unaotuzungukia kwenye simu ambao haukuandikwa kwa ajili yetu. Funga madirisha mchana, fungua usiku: hufaa penye usiku baridi, hapa utajifungia na unyevu. Vile vipozaji vya kutia maji na barafu hupoza hewa kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na hewa yetu tayari imeshiba maji. Utanunua kifaa, utalala na jasho, na kuta zitaota ukungu.

Sasa turudi kwenye dari. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe kumi Machi, na mwanzoni mwa Oktoba. Machi, basi, ndio wakati jua linapopiga paa wima. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupata kidogo, wa magharibi hupata adhabu ya jioni, lakini paa ndilo linalobeba mchana mzima. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na buluu. Tulibishana sana juu ya urembo ule. Ningetamani mtu angesema wakati ule kwamba ukiwa na debe moja la rangi nyeupe, pa kulimwaga ni juu, kwenye zege jeusi la kuvu ambalo hakuna mpita njia analiona. Weupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijaingia. Kwenye nyumba za mabati za Kisauni na Majengo, siling bodi yenye nafasi ya hewa juu yake hubadilisha chumba kizima. Makuti ni bora kuliko yote kwa ubaridi, lakini moto ukizuka mtaa hauna wa kumlaumu.

Kisha upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Mwenye dirisha la mashariki na tundu la kutokea magharibi anapata misimu yote miwili. Sasa tazama madirisha ya fleti mpya: yale ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukiyafungua yote yamefunguka nusu. Yale ya zamani ya vibao vya kioo, tuliyoyaona ya kishamba, yalipitisha upepo wote.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nasema: paa, upepo, pangaboi, halafu ndio AC, chumba kimoja, iwekwe nyuzi 26 na pangaboi lisaidie kusambaza. India, ambako joto si hadithi, tangu 2020 imetaka AC mpya za majumbani ziwe zimewekwa 24 zinapowashwa mara ya kwanza. Sisi tunakimbilia 18 halafu tunajifunika blanketi. Angalia nyota kwenye kibandiko cha EPRA, ile mamlaka ya nishati, safisha chujio, na ukikaa karibu na bahari hesabu kutu ya kile kisanduku cha nje. Hesabu na jirani pia. Mama wa chini yetu alinipandia ngazi mara mbili: "Mwanangu, maji ya mashine yako yananirowesha kanzu za wajukuu." Na lile joto tulilolitoa chumbani kwetu, lilikuwa likitoka pale pale, dirishani kwake.

Tatizo ni kwamba katika orodha yangu, viwili vya mwanzo haviko mikononi mwa mpangaji. Mwenye nyumba ndiye aliyechagua zege tupu na madirisha ya nusu, na hazinunui yeye tokeni. Mwaka jana tulimwendea, wapangaji wanne wa orofa ya mwisho, tukamwomba apake paa chokaa nyeupe. Hakukataa. Alisema paa hilo hapo, ngazi hiyo hapo, pakeni. Wawili wetu walikuwa tayari kuchanga. Wa tatu mkataba wake ulikuwa unaisha Juni, akaona hana sababu ya kumpozea nyumba mpangaji ajaye. Wa nne alikuwa ameshanunua AC.