Mathenge Baringo: kuutumia mti si kuumaliza

Tangu mathenge, mti wa kigeni wenye miiba (Prosopis juliflora), utangazwe kuwa gugu hatari nchini Kenya mwaka 2008, jibu kuu la wataalamu na maafisa wa serikali limekuwa hili: ukateni, mchome makaa, msage maganda yake yenye mbegu muwalishe mifugo, na mti wenyewe utapungua. Hoja hiyo ina watetezi waaminifu na ina mambo ya kweli ndani yake. Lakini wazee wa Baringo, kaunti iliyo katika Bonde la Ufa, wanaosema wanataka mathenge ung'olewe kabisa huonekana kama watu wasiojua kutumia mali iliyo mlangoni mwao. Naandika kwa sababu naona wazee hao hawajasikilizwa vya kutosha.

Mti huu haukuja wenyewe. Mwaka 1973 ulipandwa karibu na Mombasa kurudishia uhai mashimo ya machimbo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa kuni ukaupeleka Baringo, serikali ikishirikiana na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ukame ulikuwa umeivua ardhi nguo, kuni zilikuwa haba, na mti unaostawi bila mvua ulionekana kuwa dawa. Wenyeji waliambiwa wautunze. Kufikia 2006 jamii ya Ilchamus, wafugaji wa kando ya Ziwa Baringo, ilikuwa imeishtaki serikali katika Mahakama Kuu, na kinachokumbukwa zaidi katika kesi ile ni mbuzi kibogoyo aliyepelekwa Nairobi kama ushahidi. Ilikuwa rahisi kumcheka mbuzi yule. Kwa mfugaji lilikuwa jambo zito: maganda ya mathenge yana sukari nyingi, hunata kwenye meno, meno huoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno hufa njaa hata penye majani.

Miiba yake hutoboa matairi na nyayo, na jeraha lake huvimba na kuuma kwa muda mrefu. Vichaka hufunga njia za kwenda ziwani. Huko Mali, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vijiji vilivyokatiwa matawi yenye maua ya mti huu vilipungukiwa na mbu kwa kiasi kikubwa, maana mbu hunyonya utamu wa maua hayo na kuishi muda mrefu zaidi. Bonde la Baringo lina malaria. Sihitaji kulirefusha hilo.

Takwimu ninayotaka tukae nayo ni nyingine. Watafiti waliopima eneo la Baringo kwa picha za setilaiti walikuta mathenge umefunika hekta 882 mwaka 1988. Mwaka 2016 ulikuwa umefunika hekta 18,792. Ni wastani wa hekta 640 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku, ni karibu hekta mbili kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miaka 28. Katika kipindi hichohicho maeneo ya nyasi yalipungua kwa asilimia 86, na mashamba ya umwagiliaji kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayesema makaa yatautuliza mti huu ni jepesi: wachomaji wako wangapi, na je, wanang'oa hekta mbili kwa siku? Na hata wakifikisha hizo mbili, watakuwa wameuzuia usiongezeke tu. Hekta elfu kumi na nane na ushee zitabaki palepale.

Tena hawang'oi. Hapa ndipo hoja ya matumizi inapoyumba zaidi. Mchomaji makaa anataka shina nene, lililo karibu na barabara ambako lori litafika. Mathenge unaovamia malisho mapya ni mche mwembamba kama fimbo, uliotoka kwenye kinyesi cha mbuzi au ng'ombe aliyekula maganda mbali huko. Fimbo ile haina makaa, kwa hiyo hakuna anayeigusa hadi inene, na ikishanenepa imekwisha kuzaa. Hata lile shina nene likikatwa, kisiki huachwa ardhini. Kisiki cha mathenge kisipokatwa chini ya usawa wa udongo huchipua upya, na mahali palipokuwa na shina moja hutoka matano au sita. Kwa hiyo mtu anaweza kukata kwa bidii mwaka mzima na kuacha kichaka kizito kuliko alichokikuta.

Upande wa pili una haki ya kusikilizwa. Makaa ya mathenge yanalipa karo Marigat, Salabani na Ng'ambo, na wengi wanaoyachoma ni wafugaji waliopoteza mifugo na hawana pengine pa kushika. Kila gunia la mathenge linaweza kuwa gunia lisilotoka kwenye mgunga. Maganda yakisagwa vizuri hadi mbegu zivunjike, ni chakula kizuri cha mifugo wakati wa kiangazi, na mbegu iliyovunjika haioti. Kung'oa kila mti kwa mashine kunagharimu fedha nyingi mno, na ardhi iliyoachwa wazi huliwa na mmomonyoko, kisha mathenge hurudi kutoka kwenye mbegu zilizolala udongoni. Haya yote ni kweli, na anayetaka mti uishe lazima ayajibu.

Ila tazama kilichotokea kwingine. Afrika Kusini, ilipoamua kutumia wadudu dhidi ya miti ya jamii hii mwaka 1987, ilichagua wale wanaokula mbegu tu, kwa sababu wenye mifugo walitaka maganda na kivuli vibaki. Miti imeendelea kuenea. Australia haikutaka kubakiza chochote. Ilileta nondo ambaye viwavi wake hushambulia majani, na katika eneo la Pilbara miti imedhoofika na kasi yake kupungua. Nchi iliyotaka kula na kuzuia kwa wakati mmoja imeshindwa kuzuia. Hilo ndilo linalonitisha Baringo: ukishajenga riziki ya maelfu ya watu juu ya mti, unakuwa umeupatia mti huo watetezi, na kila mwaka unaopita inakuwa vigumu zaidi kwa kiongozi yeyote kusimama na kusema uondolewe.

Kwa hiyo naona matumizi yaruhusiwe kwa masharti. Kibali cha kuchoma makaa kifungwe na eneo: kikundi kinachopewa ekari kadhaa kizing'oe hadi kwenye visiki, na kisipewe ekari nyingine mpaka afisa wa misitu azikague zile za kwanza. Ekari zilizosafishwa zipandwe nyasi za asili, kwa sababu nyasi iliyoshika vizuri huunyima mche wa mathenge nafasi, na Baringo wapo tayari wanaopanda nyasi na kuuza mbegu na marobota yake. Huyo aliyekuwa akichoma makaa atakuwa na kitu cha kuuza baada ya mti kwisha.

Ile miche iliyo mstari wa mbele, isiyo na faida kwa mchomaji, ing'olewe kwa malipo ya serikali. Hii ndiyo kazi yenye tija kubwa kuliko zote, kwa maana mche unang'oka kwa jembe na mti mzima unahitaji tingatinga. Serikali itasema haina fedha. Lakini miche ya kwanza ilitoka kwenye mradi wake, wenyeji waliitunza kwa kuiamini, na malisho yaliyopotea yalikuwa yao. Kuwaachia sasa gharama ya kuing'oa, kisha kuiita gharama hiyo fursa ya biashara, ni kuwalipisha mara ya pili.