Tajiri wa Jangwani

Mtu mwenye akili timamu akipata Jumamosi isiyo na shifti, analala. Mimi niliamshwa saa kumi alfajiri kwa honi. Nje kuna pikapu, ndani ya pikapu kuna Bosi. Huyu bwana hajaajiri hata paka. Sote wawili tunapakia maboksi kwenye ghala moja hapa Phoenix. Lakini tangu anunue mashine ya kutafutia dhahabu anataka aitwe Bosi. Haya, Bosi.

"Twende, shemeji, kabla jua halijakolea."

Shemeji, kwa kuwa mke wangu ni wa Shinyanga na yeye ni wa Shinyanga. Undugu wa ughaibuni hauombi vyeti.

Na jua la Arizona halikolei, limekolea tangu kuumbwa. Mwaka 2023 mji huu ulikaa siku 31 mfululizo joto likigonga nyuzi 43 na kupita. Wenye mchezo wao husubiri baridi, Novemba hadi Machi. Bosi kachagua mwezi wa tano kwa sababu mashine aliipata kwa punguzo mwezi wa nne, na subira haikuwemo ndani ya boksi.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtoto wa Nyarugusu, Geita. Nimekua naona wanaume wanashuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na tochi kichwani, kina mama wanaponda mawe mchana kutwa, kisa ugali wa jioni. Nimevuka bahari nikikimbia sururu. Nafika Marekani nakuta watu wana mishahara, wana bima, na siku ya mapumziko wanakwenda kuchimba. Kwa starehe! Wana viti vya kukunja! Kulikuwa na mzee mstaafu pale, kanyoosha miguu chini ya mwavuli, ana soda kwenye barafu, akaniuliza kama nafurahia. Nafurahia nini, mzee wangu, na mchanga umeshafika kwenye meno?

Tulikwenda Rich Hill, kaskazini-magharibi mwa Phoenix. Njia nzima Bosi ananihubiria 1863: kundi la watu lilipanda kile kilima likakuta dhahabu imekaa juu juu, wakawa wanaibandua kwenye miamba kwa visu. "Kwa visu, shemeji!" Nikamuuliza: waliotangulia walikomba, waliofuata wakakomba walichosaza wale, sisi tunafuata nini? Akasema kila mafuriko yanashusha nyingine makorongoni. Mafuriko! Pale hata mjusi anatembea kwa kuhesabu hatua.

Na usidhani jangwa ni la Mungu, ukachimba unapotaka. Sheria yao ya 1872 inafanya kazi mpaka leo: mtu anajitwalia eneo la mchanga wa dhahabu hadi ekari 20, anasimika vigingi, ukichimba humo bila ruhusa umevamia. Kwa hiyo Bosi kajiunga na klabu yenye maeneo yake. Kiingilio kalipa, ada ya mwaka kalipa. Yaani mateso yenyewe yana risiti.

Kazi ikaanza. Bosi kavaa spika za masikioni, anapeperusha ile sahani ya mashine juu ya ardhi taratibu, uso umekaza, ungemwona ungesema anapima presha ya dunia. Ikalia! Nikachimba. Hakuna kitu. Ikalia tena palepale! Nikachimba zaidi. Shimo limefika magotini, bado inalia, na kila nikisogea mlio unanifuata. Kumbe ni buti zangu za ghalani, zile zenye chuma mbele. Mtu umenunua mashine, umesoma kitabu chake chote, huniambii nivae raba?

Nikabaki na soksi na kandambili za kuogea alizokuwa nazo garini, nyuma ya kiti.

Mashine haichagui, inaitikia kila metali. Unachota udongo kwa koleo la plastiki, unaupitisha juu ya sahani. Ikilia, unamwaga nusu mkononi na kupitisha tena, nusu ya nusu, mpaka unabaki na kiganja cha vumbi na moyo unadunda. Unapuliza. Ganda la risasi. Tena: kifuniko cha bia. Tena: kimsumari cha soli ya kiatu cha mchimbaji wa zamani, huyo naye alihangaika hapahapa na bila shaka aliondoka na deni. Mengine ni mawe tu yenye chuma ndani, yanalia kwa uongo. Nikaanza kuyatukana kwa Kisukuma cha mke wangu, ambacho nakijua upande huo tu.

Halafu kuna dungusi wanaloliita cholla. Ukiligusa tu, kipande chake kimehamia kwako. Kilinikamata kifundo cha mguu, juu ya kandambili. Nikataka kukitoa kwa mkono, Bosi akapiga kelele, "Usishike! Kitahamia vidoleni!" Akachomoa kichana mfukoni. Sasa, Bosi ana upara tangu nimfahamu, na tangu asubuhi nilikuwa najiuliza kichana kile ni cha kazi gani. Akakipenyeza kati ya miiba na ngozi, akakirusha kile kipande mbali. Miiba midogo ilibaki. Bado ninayo.

Mchana tukahamia kwenye mashine ya kupepeta, maana maji hakuna ya kuoshea. Unamwaga mchanga juu, mivukuto inapuliza kwa chini, vumbi jepesi linaruka kama pumba za mchele na kizito kinanasa kwenye vizuizi. Dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji, haipeperuki. Vumbi lote linaloruka lazima litue mahali, na mahali hapo ni mimi. Mwisho tukabaki na mchanga mweusi. Bosi akapitisha sumaku, ule mweusi ukashikana, na ndani ya karai ikabaki chembe moja. Njano kweli. Ukikohoa imepotea.

Bosi akalia machozi. Nikamuuliza tunagawanaje, akasema kwa sasa itunzwe ofisini. Ofisi ni mfuko wa shati lake.

Halafu akaipiga picha kwa karibu, kwa karibu sana, mpaka ikaonekana jiwe la kubeba kwa mikono miwili, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wangu, ambalo mke wangu ndiye aliyemwingiza. Akaandika, "Mungu ametutendea." Ilikuwa saa saba mchana, Geita saa tano usiku, watu wangetakiwa wawe usingizini. Hakuna aliyelala. Kabla hatujafika lami nilikuwa na kadi mbili za michango ya harusi, ada ya kidato cha tano, na binamu aliyefufua deni la baiskeli.

Nikampigia mjomba. Huyu kachimba Nyarugusu nusu ya maisha yake, nikasema angalau yeye atanielewa. Nikamweleza yote, chembe, karai, kandambili. Akasikiliza hadi mwisho, akaguna.

"Sawa, mjomba. Sijawahi kukutana na mchimbaji aliyekiri kapata." Anataka bati 30, geji 28, na msauzi si zile za kawaida.