Bwana Harusi Mwenye Kamba Shingoni

Ubao ni wangu na kosa ni langu, ingawa mpaka leo nashikilia kwamba theluthi yake ni ya kanzu ya Ami.

Ukipita Kibokoni, ukifika penye baraza la kahawa na kiduka kinachouza kila kitu ila ulichokijia, hapo ndipo kwangu. Juu ya baraza, ukutani, pametundikwa kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi. Hilo ndilo gazeti letu. Maji yakifunguliwa, naandika, na saa yatakayofungwa naandika. Stima ikikatika naandika, japo kufikia hapo kila mtu anajua. Aliyefariki, maziko saa ngapi, msikiti gani. Mkokoteni wa mitungi ya lita 20 umekwama wapi. Nani ameokota ufunguo. Tangazo la paka silikubali. Paka wa Mji wa Kale hawapotei, huhama tu, wakafuata nyumba yenye samaki mzuri zaidi.

Utaniuliza, kwani hamna simu? Tunazo, na kundi la mtaa lipo, nami nimo. Lakini humo ndani, kati ya msiba na maji, utapita kwanza udi wa kuuza, dua ya kupeleka kwa watu ishirini kabla hujalala, na picha ya waridi imeandikwa "Asubuhi njema" na mtu aliyeamka saa saba za mchana. Ubao hauna waridi. Ndiyo maana watu huniita Mhariri. Wengine hulisema kwa heshima.

Ami hayumo katika hao wengine. Ami si ami yangu wa damu, ni mzee wa baraza, na kiti chake ni kile kipande cha saruji chini ya ubao tangu mimi sijaota ndevu. Kila nikishika chaki hunikohoa.

"Mji huu," husema, "mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa gazeti papa hapa Mombasa. Al-Islah. Kiswahili na Kiarabu! Leo tumebakiwa na wewe na mfereji."

Basi ilikuwa Alhamisi, kaskazi imekatika, hakuna jani linalotikisika, jasho linashuka mgongoni kama limeitwa. Asubuhi akaja mama wa nyumba ya mlango wa kijani. Mwanawe anaoa Jumamosi, ataka tangazo. Nikaandika. Hata chaki haijanikauka vidoleni, akaja kakake yule yule mama, mjomba wa bwana harusi, mbio, kofia mkononi. Mbuzi wa karamu amekata kamba usiku, hajulikani aliko. Ataka tangazo na yeye, na ataka kichwa chake kiandikwe kwa chaki nyekundu ili kionekane.

Nafasi haikuwapo. Juu pana maji, chini pana mtu anauza friji. Hivyo nikayabana matangazo mawili pamoja, na ule mstari wa kuyatenganisha, nisifiche, niliufuta ili nipate pa kuandika "kreti ya soda". Ubao ulisomeka hivi:

BWANA HARUSI WETU, KIJANA WA MLANGO WA KIJANI,
ATATOLEWA KWAO JUMAMOSI BAADA YA ISHA. NYOTE MWAALIKWA.
MBUZI DUME
AMETOROKA TANGU JANA USIKU. ANA NDEVU. ANA KAMBA SHINGONI. HULA CHOCHOTE. ATAKAYEMWONA AMFUNGE, ASIMPIGE, AMLETE DUKANI. ZAWADI: KRETI YA SODA.

"Hula chochote" alilitaka mjomba, ili walioanika nguo watahadhari.

Saa tisa na nusu Ami akaja kunywa kahawa yake. Akashika kikombe, akauma kashata, akajiegemeza. Ami ana kibiongo kidogo, kwa hivyo akiegemea, kinachogusa ukuta ni mabega tu. Na kanzu yake ilikuwa imelowa jasho imemganda. Alisugua bega huku na huku kama ng'ombe kwenye mkungu, akasifu kahawa, akaulaani ubao, adhana ya alasiri ikatoka akaenda zake msikitini. Mimi sikumtazama. Nilifunga mlango nusu, ule wa chini tu, nikaenda kusali, kisha nikaunganisha Marikiti kununua nazi na chaki.

Niliporudi ilikuwa saa kumi na moja na ushei, na baraza langu limejaa kama feri ya Likoni asubuhi.

Wa kwanza kumwona ni yule kijana anayetembeza wageni kutoka Ngomeni. Amewapanga Wazungu saba mbele ya ubao anawasomea. Kijana huyu namjua. Akisema Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, hapo yuko sawa. Baada ya hapo hutia chumvi yake mwenyewe. Nikamsikia anawaeleza kwamba hii ni mila kongwe ya Waswahili: bwana harusi hutoroka siku mbili kabla ya nikahi, mtaa mzima ukamsaka, na akipatikana hufungwa kamba. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa amekwisha kukunja suruali, anauliza kama wageni nao waruhusiwa kutafuta.

Nikatazama ubao. Katikati pamefutika, utepe mpana, safi, kipimo cha mabega ya mtu. Kilichobaki juu na kilichobaki chini vilikuwa vimeshikana mikono:

BWANA HARUSI WETU, KIJANA WA MLANGO WA KIJANI, AMETOROKA TANGU JANA USIKU. ANA NDEVU. ANA KAMBA SHINGONI. HULA CHOCHOTE.

Mwaona balaa la lugha yetu. Mbuzi ni a-, bwana harusi ni a-. Angekuwa amepotea mkufu au baiskeli, kila mtu angejua hapa pana hitilafu. Lakini mbuzi na mkwe wa watu, kisarufi, ni ndugu.

Nikakimbilia kitambaa nifute. Nimechelewa. Mtu alikwisha kuupiga picha, picha imeingia kwenye kundi, imepita udi, imepita waridi, imevuka Daraja la Nyali mpaka Kisauni, kwa kina bi harusi. Na sasa tuktuk ilikuwa inaingia kichochoroni kwa kasi ambayo kichochoro kile hakikujengewa. Akashuka mama wa bi harusi, buibui limekaa upande, kiatu kimoja kimetangulia.

"Ndiwe mwenye ubao?"

"Ndimi, mama. Karibu."

"Sikaribii. Mtoto wenu amekimbia jana usiku, mwanipa habari leo, tena ukutani?"

"Mama, hajakimbia, huyu aliyekimbia ni..."

"Asubuhi kanipigia simu yeye mwenyewe aniuliza nazi ngapi zahitajika! Mtu anayekimbia huuliza nazi?" Akausogelea ubao, akaweka kidole. "Na hii 'hula chochote'? Mwataka kusema mwanangu hajui kupika?"

Ningemjibu, lakini juu dirishani mama wa bwana harusi alikuwa ametoka na leso kichwani, na yeye kwanza ndiyo anausoma ubao kutoka kule juu. Badala ya kunisaidia akapiga yowe. "Nampigia tangu adhuhuri, yasema mteja! Mwanangu we!" Kumbe simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Wakati ule kila mtu alilichukua kuwa ushahidi.

Sasa sikiliza. Mwisho wa kichochoro pakatokea msafara. Watoto wanane wa chuoni, kanzu na kofia zao, juzuu zimebanwa makwapani, na katikati yao bwana harusi. Walimkuta kwa kinyozi, Bondeni, anatengenezwa kwa ajili ya Jumamosi. Upande mmoja wa uso amekwisha kunyolewa, upande wa pili ndevu zingalipo, povu linamtiririka. Kitambaa cha kinyozi kimemfunika mpaka magotini, kimefungwa nyuma ya shingo kwa kikamba. Watoto wamekishika kile kikamba, kwa nidhamu, mmoja nyuma ya mwingine. Na nyuma kabisa kinyozi mwenyewe, wembe u wazi mkononi, anafuata pesa zake, hivi kwamba aliyeuona msafara ule kwa mbali angeapa bwana harusi anapelekwa kuchinjwa.

Wazungu wakapiga makofi.

Mkubwa wa watoto, hazidi miaka kumi, akasimama mbele yangu.

"Mhariri, tumemleta. Ana ndevu. Ana kamba. Hatukumpiga."

"Tulimjaribu na mkate wa mofa," akadakia mdogo wake. "Kala."

"Soda ziwapi?"

Bwana harusi alitaka kusema kitu akamwona mama mkwe, akaona bora auelekeze ukutani upande wenye povu. Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini. Nilimsikia akisema polepole, kama mtu anayehesabu mahari upya, "Huyu ndiye."

Nikaanza kueleza. Mbuzi, chaki, nafasi ndogo, mstari. Kila nikieleza nazidi kufanana na muongo. Mjomba, shahidi wangu wa pekee, alikuwa Mlango wa Papa anachungulia nyuma ya mapipa. Nikasema palikuwapo neno "mbuzi" hapa katikati, nyekundu, wallahi. "Limekwenda wapi?" akauliza mama mkwe. Sikujua limekwenda wapi.

Limekwenda msikitini. Ami alikuwa amebaki kwenye darsa, na sasa anakuja taratibu, mikono nyuma, amefurahi kuona baraza limechangamka. Akapita kando ya tuktuk, na dereva, ambaye hakuwa na neno na mtu ila alikuwa anangoja nauli yake, akatazama kwenye kioo cha pembeni kama alivyozoea.

"Mama," akasema, "huyu mzee mgongoni ameandikwa mbuzi dume."

"Nani mbuzi dume?" Ami akageuka.

Akazungushwa. Na kweli. Chaki nyeupe juu ya kanzu nyeupe haikuonekana, lakini ile nyekundu ya mjomba ilikuwa imeshika kwenye jasho, bega mpaka bega, imegeuka kinyume: EMUD IZUBM. Bwana mmoja aliyesali safu ya nyuma yake akakiri kwamba aliiona tangu rakaa ya kwanza, akadhani ni talasimu, akaogopa kuuliza.

Ami akawekwa mbele ya kioo cha tuktuk, mgongo nyuma, nyuma kidogo, inama, simama, mpaka herufi zikakaa sawa. Mama wa bi harusi akainama akasoma kiooni. Akatazama ubao. Akatazama kioo tena. Akakaa kwenye baraza, mahali pa Ami, akavua na kile kiatu cha pili, akacheka mpaka mama wa juu naye akaacha kulia akauliza kuna nini.

"Nenda kanyolewe upande wa pili," alimwambia mkwewe alipoweza kusema. "Na wewe," hii ilikuwa yangu, "siku yangu ya kufa usiniandike."

Kijana wa wageni akawaambia wageni wake kwamba hicho kicheko nacho ni sehemu ya mila.

Ikabaki soda. Mjomba, aliporudi mikono mitupu, alisema waziwazi kreti aliyoahidi ni ya mbuzi, wala hamlipii mtu mpwawe mwenyewe aliyekuwa hajapotea. Watoto nao walisema maandishi ni maandishi. Nikaona niingie dukani nitoe kreti, yaishe.

Nikasukuma ule mlango nusu. Amesimama juu ya gunia la mchele. Mweupe, ana ndevu, kipande cha kamba shingoni. Nadhani aliruka wakati niko Marikiti. Kando yake jalada gumu la daftari langu la mkopo, limelowa, na mdomoni mwake karatasi ya mwisho inaingia kidogo kidogo, mistari ya buluu kwanza, halafu majina, halafu shilingi. Madeni ya mtaa mzima, tangu Ramadhani iliyopita. Alinitazama kama mteja anayengoja chenji.

Watu walikuwa wamejaza mlango nyuma yangu. Kukawa kimya. Halafu mtu mmoja, sikumtambua ni nani ila najua alikuwa na deni, akasema kwa sauti ya chini, "Mashaallah."

"Hula chochote," akasema Ami.

"Mhariri," yule mtoto akanivuta kanzu, "na huyu tumemwona sisi. Kreti mbili."

Ijumaa asubuhi niliandika tangazo moja tu, na nikalizungushia mstari pande zote nne: DAFTARI LIMELIWA. KILA MWENYE DENI ANALIJUA DENI LAKE, AJE TUANDIKIANE UPYA. Wote walisimama, wakasoma, wakasifu mwandiko. Jumamosi baada ya Isha bwana harusi alitolewa kwao, uso laini pande zote mbili, na ilipokuja sinia ya biriani nilikula bila kusema na mtu, kwa sababu kila tonge nililomeza lilikuwa la pesa zangu.

Mpaka leo kwa tangazo lile amekuja mtu mmoja tu, kinyozi wa Bondeni. Na yeye alikuja kunidai pesa za ndevu za upande mmoja.