Sema Chochote Unachowaza

Katika kazi yetu ya kupima kama programu za simu zinatumika kwa urahisi, kuna njia inayoitwa kufikiri kwa sauti. Unampa mtu programu, unamwomba aitumie huku akitamka kila kinachompitia kichwani. Akikwama, humsaidii. Akinyamaza, unamkumbusha tu aendelee kusema. Clayton Lewis wa IBM ndiye aliyeiingiza kwenye mambo ya kompyuta mwaka 1982, na sidhani kama aliijaribu wilayani Bahi, mkoani Dodoma, tulikokwenda sisi.

Programu yenyewe ilikuwa ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii: kusajili wajawazito, kuandika dalili za hatari, kukumbusha tarehe za kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara 8, na daftari lililokaa kwenye mfuko wa bodaboda halikumbuki hata mara mbili.

Zahanati ilikuwa imejaa, siku ya kupima watoto, hivyo tukapewa benchi nje chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kwenye mzani. Mwenyekiti wa kijiji akavuta kiti chake akakaa nasi. Wageni, alisema, hawaachwi peke yao. Mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo anayeheshimika sana pale, aliyeniitikia shikamoo yangu bila kuacha kukagua viatu vyangu.

"Haya, naona rangi ya kijani," akaanza, vizuri kabisa. "Naona upawa."

Hakukuwa na upawa. Ilikuwa ile alama ya kutafuta, lenzi yenye mpini. Nikaandika: upawa.

"Nagusa upawa. Zimekuja herufi. Ndogo! Waliotengeneza hii wana vidole vya kuku."

Nikaandika hilo pia, kisha nikavitazama vidole vyangu.

"Inauliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Mwenyekiti, geuka."

Mwenyekiti akageuka. Swali hilo lipo ili simu ihesabu siku 280 na kutaja tarehe ya kujifungua, lakini hakuna aliyekuwa tayari kumweleza. Mama akajaza, kisha akanyamaza. Nami, kwa kufuata utaratibu, nikamkumbusha.

"Mama, endelea kusema unachowaza."

"Ninachowaza sasa hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Chochote?"

"Chochote. Hapa hakuna jibu la makosa."

"Namuwaza beberu wangu."

Mwenyekiti, bado kageuka, akakohoa.

"Beberu wangu mweusi, aliyechinjiwa wageni wa wilaya, nikaambiwa nitalipwa tukishavuna uwele. Uwele tumevuna. Tumesonga ugali, tumeula na mlenda, hata pumba zimekwisha. Sasa nagusa hapa palipoandikwa Endelea. Imekubali."

Kwenye mzani kazi ilisimama. Mtoto mmoja alibaki akining'inia na yeye kimya, anasikiliza.

"Mtafiti," mwenyekiti akaniita, kwa upole wa kutisha, "hilo la beberu lipo kwenye programu?"

"Hapana, mheshimiwa. Ni mawazo ya mtumiaji."

"Na linarekodiwa?"

Nikamwonyesha taa nyekundu ya kinasa sauti, kwa sababu maadili ya utafiti yanataka uwazi. Mama naye akaiona. Akasogea, akainamia kinasa sauti, akaanza upya suala la beberu, taratibu, safari hii na tarehe na majina ya waliokula maini. Vitabu vyote vinasema mtafiti asiingilie. Sikuingilia. Isitoshe, alikuwa ametoka kugusa alama ya kengele bila kuelekezwa, jambo zuri sana kwetu.

Tulipomaliza nikaleta dodoso la kupima urahisi wa matumizi, la John Brooke, la mwaka 1986, linalotumika dunia nzima: sentensi 10, kila moja unaipa alama 1 hadi 5. Ujanja wake ni kwamba sentensi moja inasifu, inayofuata inalaumu, zinapishana hivyo hadi mwisho. Nilimsomea zote. Ningependa kuitumia mara kwa mara? Tano. Ni ngumu bila sababu? Tano. Ni rahisi kutumia? Tano. Inasumbua kutumia? Tano, mwanangu, andika tano.

"Umetoka mjini na jua lote hili, nikunyime tano?"

Ukipiga hesabu ya dodoso hilo, tano kila mahali hutoa 50 kwa 100, kwa kuwa kwenye sentensi za lawama tano huhesabiwa sifuri. Akataka kujua matokeo. Nikamwambia.

"Hamsini?" Akasimama, akajifunga khanga upya. "Nimetoa tano zote, bila kubakiza, mashahidi hawa hapa. Hamsini nyingine kala nani?"

Sikuwahi kufungua mdomo. Akina mama wote wa kliniki walikuwa wameshageuka kumtazama mwenyekiti.