Vigoga mawe­ni: vilioza, au havikutafutwa?

Vigoga, ile mimea midogo ya kijani inayotandaa juu ya mawe na magogo yenye unyevu, ni haba mno miongoni mwa visukuku. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba havina lignini, kemikali inayoupa mti ugumu, hivyo huoza kabla tope halijavifunika.

Hoja hiyo ina uzito. Spora, yaani chembe ndogo za uzazi, zinazofanana na za jamii hii zimepatikana Argentina katika miamba ya miaka milioni 470 hivi, ilhali vigoga vya kale zaidi vinavyokubalika bila ubishi mkubwa vimetoka Ujerumani na vina takriban miaka milioni 330. Spora zilidumu kwa sababu ya ganda lao la sporopolenini, kemikali ngumu isiyooza kwa urahisi. Majani hayakuwa na kinga kama hiyo.

Lakini kukosa lignini si kukosa kinga yoyote. Mtaalamu wa mimea Linda Graham na wenzake, huko Marekani, walichemsha vigoga na livawoti hai (mimea midogo iliyo jamaa ya vigoga) katika asidi kali, na baadhi ya kuta za seli zikabaki. Kisha kuna Apple Bay, katika kisiwa cha Vancouver nchini Kanada. Huko, vinundu vya kalisi, yaani madonge ya mawe, vya miaka milioni 136 hivi vimehifadhi majani ya vigoga seli kwa seli, tena ya aina nyingi. Vigoga hivyo havionekani kwa kupasua jiwe kwa nyundo. Kinundu hukatwa, uso wake huliwa kidogo na asidi, hubandikwa utando mwembamba wa plastiki, kisha utando huo hubanduliwa na kutazamwa kwa hadubini. Anayetafuta magogo na makuti ya kangaga hawezi kuviona.

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwamba havikutafutwa, ingawa si kwa kila ushahidi. Mwaka 2003 mtafiti wa visukuku vya mimea Charles Wellman na wenzake walieleza vipande vya mimea kutoka miamba ya Oman ya miaka milioni 450 hivi, spora zikiwa bado ndani ya mabaki ya vifuko vyake. Ukuta wa spora hizo unafanana na wa livawoti, ila kipande cha kifuko hakituonyeshi mmea mzima ulikuwaje.

Tena vigoga vingi huishi juu ya miamba na vilimani, ambako mvua huondoa udongo badala ya kuulundika. Mahali pa namna hiyo hata mti wenye lignini tele huacha kisukuku kwa nadra. Kwa hiyo ulaini hautoshi kuwa sababu kuu, hasa wakati vinundu vichache sana vya aina ya Apple Bay vimekatwa kwa nia ya kutafuta vigoga.